Rekodi ya kikao cha Teams inakaribia kufutika na aliyerekodi kaacha kazi, naidaunlodi vipi?

Bibie_Mikocheni:
Habari za muda huu wakuu, naomba msaada kwa wanaojua haya mambo maana kichwa kinaniuma. Ofisini kwetu vikao vya mradi tunafanya kwa Teams kwa sababu wenzetu wengine wako Dodoma na mmoja yuko Mtwara, mimi ndo naandika muhtasari. Sasa kile kikao kikubwa cha bajeti, kirefu kama masaa matatu hivi, alikirekodi kaka mmoja wa idara ya fedha, na huyo kaka kapata kazi sehemu nyingine kaondoka, kaondoka vizuri tu hatujagombana. Rekodi ipo, nikifungua chati ya kikao naiona, nikibonyeza inacheza vizuri kabisa, ila pa kudaunlodi sipaoni. Wenzangu wa ofisi ya pili wananiambia kwao kitufe kipo, nimezima laptopu nikawasha, nimejaribu kwa brauza nyingine, hamna. Alaf juu kuna maandishi kwamba itafutika tarehe fulani na hiyo tarehe haiko mbali kihivyo.

Bosi anaitaka iwekwe sehemu salama kwa sababu wakaguzi wakija kuna fungu moja la usafiri lilibishaniwa karibu nusu saa, nani alikubali na kwa masharti gani yote yako mle, na kwenye muhtasari huwezi kuandika ubishi wote neno kwa neno.

Mmoja kanishauri nirekodi skrini kwa simu wakati inacheza, mwingine kasema niweke ile ekstensheni ya brauza inayodaunlodi video za kila aina. Nifuate lipi? Na pia nyumbani natumia hotspoti ya simu, faili kama hilo litakula bando kiasi gani? Natanguliza shukrani, na msiniambie niende HR jamani, HR mwenyewe ndo kaniachia hili jambo.

Konda_Mstaafu:
Siti ya mbele kabisa. Na mimi nina langu la Zoom ntauliza wakimalizana na dada.

FundiWaSinza:
Pole dada. Kwanza laptopu yako haina tatizo na Teams yako nzima kabisa, usihangaike kuifuta na kuiweka upya, watu wengi wanapotezea muda hapo.

Iko hivi, rekodi ya Teams haikai kwenye Teams. Inakaa kwenye OneDrive ya mtu, yani stoo yake ya mafaili mtandaoni ya Microsoft, ndani ya folda linaitwa Recordings, na hicho unachokiona kwenye chati ni linki tu ya kwenda kwenye lile faili. Sasa nyinyi wengine mlioalikwa kwa kawaida mnapewa ruhusa ya kutazama basi, kudaunlodi anabaki nako mwenye faili na aliyeitisha kikao. Kama kikao kingefanyika ndani ya chaneli ya timu, faili lingeenda SharePoint ya timu, yani stoo ya pamoja ya ofisi, mngelikuta kwenye mafaili ya ile chaneli pamoja na mengine yote. Nadhani hao wenzako wenye kitufe ndo mambo yao, ama wanakutana kwenye chaneli ama wao ndo wanaoitisha.

Swali la kwanza basi, kile kikao nani alituma mwaliko? Kama ni bosi wako mwambie afungue linki yeye kwa akaunti yake kabla hamjaenda mbali, unaweza ukakuta kwake kitufe kinaonekana na mambo yakaishia hapo.

Hiyo tarehe usiiogope sana, ni kawaida yao, Microsoft wanaweka siku 120 toka siku ya kurekodi kama IT wenu hawajagusa mipangilio. Mwenye faili anaweza kuisogeza mbele au kuiondoa kabisa, na hata likifutika linaingia kwanza kwenye pipa la taka la OneDrive linaweza kurudishwa. Ila jiulize, pipa la nani? La yule yule kaka.

Na hapo ndo pana hatari kubwa kuliko hiyo tarehe unayoiangalia. Akaunti ya mtu aliyeacha kazi ikishafutwa, OneDrive yake inabaki siku 30 kama admini (msimamizi wa akaunti za ofisi) hakuongeza muda, baada ya hapo inaondoka na vyote vilivyomo, ya kikao, ya bajeti, ya harusi ya shemeji yake kama aliiweka humo. Yani linki yako inaweza ikakuonyesha bado una miezi kumbe una wiki. Kwa hiyo kesho asubuhi kabla ya chai mtafute mwenye haki za admini muulize, akaunti ya fulani imefutwa au imefungwa tu asiingie? Kama imefungwa tu mafaili yapo. Kama imefutwa, lini?

Kazi yenyewe ni ndogo, admini anaingia kwenye ukurasa wake, anafungua jina la yule kaka kwenye orodha ya watumiaji, kuna sehemu ya OneDrive inatoa linki ya kuingia kwenye mafaili yake, anaingia, anachukua faili. Mwambie asikupe kwenye flashi peke yake, aliweke nakala SharePoint ya mradi ambako halimfuati mtu akihama kazi, alaf mwangalie kama hiyo nakala haina tarehe ya kufutika.

Tandale_Tech:
Mnamzungusha tu mtoto wa watu. Ekstensheni unaweka dakika mbili unacheza video kidogo inakamata inashusha, mambo ya kusubiri admini asubuhi sijui chai ni ya nini, admini wa maofisi ya bongo unampata lini

FundiWaSinza:
@Tandale_Tech mkuu zile ekstensheni umewahi kusoma zinaomba ruhusa gani wakati wa kuziweka? Kusoma na kubadilisha data kwenye kila tovuti unayofungua. Kila tovuti maana yake barua pepe ya ofisi, mishahara, na akaunti ya benki kama unaifungua kwenye brauza hiyo hiyo. Dada kasema anafanya kazi na HR, unataka mafaili ya watu yapite mbele ya ekstensheni ya mtu usiyemjua? Tena mara nyingi kwenye video za Teams haishushi chochote, inakupa kipande kimebaki bubu.

Tandale_Tech:
Haya kaka nimeskia, mimi nilikuwa nasaidia

Mama_Muhtasari:
Mdogo wangu Bibie, mimi ni katibu wa vikao mwaka wa kumi na kitu sasa, toka enzi tunatumia redio ya kaseti mezani pale Posta na mtu anakohoa karibu na maiki hausikii kitu. Suala la kurekodi skrini nalipinga na ntakwambia kwa nini, achana na ubora.

Kama umepewa ruhusa ya kutazama tu halafu unakwenda kutengeneza nakala kwa mlango wa nyuma, siku ikisambaa watauliza ilitoka kwa nani, na jibu litakuwa wewe, hata kama bosi ndo alikutuma kwa mdomo. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023 na Tume yake ipo. Sauti ya mtu na sura yake kwenye kikao ni taarifa zake, mtu anatakiwa ajue zinachukuliwa kwa kazi gani. Kile kibango cha Teams kinachosema kikao kinarekodiwa kinasaidia, waliokuwepo walikiona, lakini walikubali irekodiwe kwa ajili ya kikao, hawakukubali ikae kwenye simu yako pamoja na picha za watoto.

Mwombe bosi akuandikie barua pepe ya mistari miwili tu, kwamba faili fulani linachukuliwa kutoka akaunti ya fulani kwa ajili ya kumbukumbu za mradi, nakala kwa IT. Ukishakuwa nayo hiyo unalala usingizi.

KijanaWaGoba:
Mama hapo umenena ila pia tuseme ukweli ofisi nyingi hapa Dar hazina hata huyo admini, kuna kijana mmoja anakuja Jumanne na Alhamisi kurekebisha printa. Sasa mtu afanyeje

Mama_Muhtasari:
Mwanangu hata huyo wa printa kuna mtu anamlipa. Aliyelipia leseni za Microsoft ofisini ndo ana akaunti ya admini au anamjua aliyenayo, fuata risiti utampata.

KijanaWaGoba:
Hahahaha fuata risiti. Nimekupata mama.
Niongezee kwa Bibie kuhusu simu, kuna kitu watu hawakijui. Ukiwa kwenye kikao chenyewe laivu kwa Android ukawasha kile kinasa skrini cha simu, mara nyingi unapata picha bila sauti za wenzako. Siyo simu mbovu, Android yenyewe hairuhusu kinasa skrini kichukue sauti za programu za maongezi, inaruhusu za video na muziki na magemu. Wewe ungekuwa unarekodi video inayocheza kwenye brauza pengine sauti ungepata, lakini masaa matatu simu iko chajini, haipigiwi, meseji za mikopo zinadondoka juu ya skrini kila baada ya muda, alaf umeme ukatike saa ya pili na nusu. Hapana kwakweli.

Bando_Limeisha:
Kwenye bando nijibu mimi maana jina langu linajieleza. Microsoft wenyewe wanakadiria rekodi ya Teams kama MB 400 kwa saa moja, kwa hiyo masaa matatu yako ni GB 1.2 hivi, inapungua kama mlikuwa mnaangalia slaidi tu na kamera zimezimwa. Siyo mzigo wa kutisha, kinachoumiza ni kushusha kwa brauza ukafika asilimia 80 ikakatika, ukibonyeza iendelee inagoma inaanza upya, hapo bando linaliwa mara mbili na faili huna.

Dawa yake ni usitumie brauza. Weka programu ya OneDrive kwenye laptopu, lile folda la mradi lisinki, faili libonyeze kulia uchague likae kwenye kompyuta muda wote, mtandao ukikatika inasubiri ukirudi inaendelea ilipoishia. Google Drive nayo ina programu yake ya hivyo hivyo. Iache usiku na bando la usiku ndo lina bei ya kueleweka, asubuhi unakuta kazi imeisha.

Na kama unachotaka ni yale maneno tu ya fungu la usafiri, chukua sauti peke yake. VLC, ile programu ya bure ya kuchezea video, ukienda kwenye menyu ya kubadilisha faili inakutolea sauti bila picha, na maongezi ya kawaida kwa kbps 64 ni kama MB 29 kwa saa, kikao chako chote hakifiki hata MB 100. Hiyo unasikiliza hata kwenye daladala toka Makumbusho mpaka Tegeta.

Konda_Mstaafu:
Naona pametulia. La kwangu: tunatumia Zoom ya bure, ile ya dakika 40 inakutoa nje mnarudi tena kwa linki ile ile. Juzi kikao cha kikundi chetu cha kukopeshana nilirekodi kwa laptopu, tumemaliza nikafunika laptopu nikakimbilia mwendokasi. Leo nafungua folda nakuta faili lina jina refu la kizungu double_click_to_convert sijui nini, video hamna. Zimepotea?

FundiWaSinza:
Hazijapotea mkuu. Zoom ya bure inarekodi kwenye kompyuta yako tu, haina rekodi ya mtandaoni, hiyo mpaka ulipie. Wakati wa kikao inaandika faili bichi, kikao kikiisha ndo inaanza kulibadilisha kuwa video, ukifunika laptopu katikati inasimama. Fungua lile folda, lipo kwenye Documents, ndani kuna folda la Zoom, ndani yake kila kikao kina folda lake lenye tarehe na saa. Hilo faili lenye jina refu libonyeze mara mbili, Zoom yenyewe itafunguka iendelee kubadilisha. Usibadilishe jina, usihamishe faili moja moja ukaacha mengine, na uwe na nafasi ya kutosha kwenye diski. Ikimaliza utakuta video ya mp4 na ya sauti tupu ya m4a.

Konda_Mstaafu:
Inazunguka hapa nasubiri... Na mweka hazina wetu anatumia simu tu, naye anaweza kurekodi vikao mimi nikiwa sipo?

FundiWaSinza:
Kwa simu hapana, kurekodi kwenye kifaa ni kwa kompyuta tu, simu inarekodi kama akaunti ina ile ya mtandaoni ya kulipia. Mwenye laptopu mwingine kwenye kikundi anaweza, ila wewe mwenyeji lazima umruhusu ukiwa ndani ya kikao.

Konda_Mstaafu:
Imetokea!! Mpaka yule aliyesema atalipa Ijumaa anasikika. Kula tano mkuu

Ngariba_wa_Excel:
Na sisi wa Google Meet mbona mmetusahau. Kwangu kitufe cha kurekodi hata hakipo

KijanaWaGoba:
Unatumia jimeili yako ya kawaida bila shaka, ile ya bure hairekodi. Ni mpaka ofisi iwe na Workspace, ile huduma ya Google ya kulipia, ya daraja linaloruhusu, Business Standard kwenda juu, ile Starter ya bei ya chini haina. Ukiwa nayo rekodi inaenda kwenye Drive ya aliyeitisha kikao, folda linaitwa Meet Recordings, na yeye na aliyebonyeza kurekodi wote wanatumiwa linki kwa barua pepe. Yani ugonjwa ni ule ule wa Bibie, aliyeitisha akihama na akaunti ikafutwa bila kuhamishiwa mtu mafaili yake, imekula kwenu. Alaf ile njia ya mkato unayoongeza kwenye Drive yako siyo nakala, mwenye faili akifuta na yako inakufa.

Bibie_Mikocheni:
Wakuu nimerudi, asanteni mno. Bosi siye aliyeitisha, aliitisha yule yule kaka kwa hiyo njia ya kwanza ikafa palepale. Nimefuata risiti kama alivyosema mama 😂 leseni zinalipiwa na kampuni moja ya huduma za IT ambayo mimi hata sikujua tuna mkataba nayo, nimepiga simu wakaniambia akaunti imefungwa kuingia tu, haijafutwa, ila ilikuwa kwenye orodha ya kufutwa mwisho wa mwezi ili leseni apewe mfanyakazi mpya. Nimewaandikia bosi akiwa kwenye nakala, wameingia wameitoa pamoja na zingine saba za mradi ambazo hatukujua zipo humo, sasa hivi zote ziko SharePoint. Ya bajeti ni GB 1.1.

Sasa bosi anataka mwenzetu wa Mtwara aipate leo, kasema nimtumie WhatsApp. Inapita?

Bando_Limeisha:
Kama dokumenti inapita, WhatsApp wanaruhusu faili mpaka GB 2. Ukiituma kama video ya kawaida itaibana itoke ukungu. Ila fikiria, unaipandisha GB 1.1 kwa bando lako, yeye anaishusha kwa bando lake, alaf inakaa kwenye simu mbili. Mpe ruhusa ya kutazama kwenye linki ya SharePoint, kama yuko kwenye mfumo wenu wa ofisi ataingia kwa akaunti yake. Akitaka ya kusikiliza tu mpe ile sauti.

Mama_Muhtasari:
Na hiyo ruhusa iwe kwa jina lake, usiweke ile ya kila mwenye linki. Linki za hivyo zinatembea, leo Mtwara kesho kwenye grupu la familia.

Ngariba_wa_Excel:
Hivi kama hiyo GB 1.1 anataka kuipunguza bila kuharibu kabisa, ipo programu?

Bando_Limeisha:
HandBrake, ni ya bure. Kikao ni slaidi na nyuso zimekaa tuli kwa hiyo inabana sana, chagua 720p (ukubwa wa picha) na H.265 (namna ya kubana video), fremu 15 kwa sekunde zinatosha. Laptopu ya zamani itapiga feni muda mrefu, iachie usiku. Ya asili usiifute mpaka uwe umeifungua ndogo mwanzo, katikati na mwisho ukaona sauti haijaachana na mdomo.

Bibie_Mikocheni:
Nimempa Mtwara linki kwa jina lake, kaingia. Sauti namtengenezea sasa hivi kwa VLC. Zile saba zingine ndo naanza kuzipa majina yanayoeleweka maana zote zinaitwa Meeting na tarehe.